Mama Simiyu Wawili

Nyanya yangu alikuwa na jogoo mwekundu asiyependa mtu yeyote. Siku moja akaamua kutuletea huyo jogoo Nairobi kwa treni, ndani ya kikapu alichokishona mdomo kwa kamba ya mkonge, kichwa tu kikitokeza nje kama abiria mwenye tikiti. Kukhu, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, alikuwa hajawahi kuiona Nairobi na alisema hawezi kuingia kwa mwanawe mikono mitupu. Treni ikafika asubuhi, watu wakamwagika. Baba amevaa koti lake la reli, mimi na kaka yangu Simiyu tumeshikana mikono tusipotee. Kukhu kushuka tu, kuona ule umati, akashtuka, akaachia kikapu. Kamba ikakatika. Jogoo huyo!

Simiyu akaniachia mkono akamfuata. Alikuwa na miaka saba, mimi mitano. Akaruka reli ya kwanza, ya pili akajikwaa akapasua goti, akainuka akaendelea. Baba anapuliza filimbi ya kazi, watu wanadhani kuna treni inakuja, wanakimbia huku na huku. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji, kanga mdomoni.

"Mama Simiyu, inuka, watu wanakutazama!" Baba akasema.

"Wacha watazame. Si wana macho?"

Jogoo alishikwa chini ya benchi na mpagazi mmoja, ambaye alitaka alipwe paja. Nadhani alipewa. Sikumbuki.

Sasa nisikilizeni. Mimi sikutaka kuandika habari za jogoo. Nilifika darasa la nne tu, nikiketi na kalamu, yenyewe hunipeleka inakotaka. Nilitaka kuandika habari za maziwa ya unga. Juzi mjukuu wangu alifungua kopo la maziwa ya mtoto wake hapa chumbani, ile harufu ikanipiga, tamu na kavu, kama vumbi lililotiwa sukari, nikajikuta niko Kaloleni tena, mtaa wetu wa Nairobi, niko chini ya meza ya wamisionari. Lakini kalamu imekimbilia kwa jogoo, na labda ndivyo ilivyo haki, maana kicheko kile cha Mama pale stesheni ndicho cha mwisho ninachokikumbuka vizuri kabla ya mambo yenyewe.

Mwaka haukuisha, surua ikaingia Kaloleni. Ilipita nyumba kwa nyumba kama mtu wa kusoma mita. Mimi iliniacha, Simiyu ikamchukua. Mvua ilikuwa imekata njia za kwetu, hakuna aliyeweza kumsafirisha, akazikwa kwenye makaburi ya mjini. Kukhu aliposikia akatuma neno kwamba mtoto aliyezikwa ugenini hatulii, atatafuta pa kuingilia. Hayo alimwambia Mama. Baba alikuwa mtu wa kanisa, akasema Kukhu amezeeka.

Jina nalo halikuzikwa. Huku kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, basi muuza mboga, majirani, watu wa kanisa, wote waliendelea kumwita Mama Simiyu, Mama Simiyu, kutwa nzima. Yeye anaitika. Angefanya nini? Lakini sakafu aliacha kuipaka rangi nyekundu, na chakula alikuwa anapika kama mtu anayetimiza amri.

Hapo ndipo nyumba iliyopakana na yetu ilipopata watu. Wazungu. Katika Kaloleni! Nyumba za mawe za halmashauri, za watu wa reli, bafu la nje tunagawana, halafu Mzungu anakuja na masanduku mawili na mke mwenye mimba. Wamisionari wengine walikaa kule kwenye miti mingi, wakaja kwetu Jumapili kwa gari. Huyu akasema atakaa na watu anaowahubiria, ale wanachokula. Aliitwa Bwana Andasi, au ndivyo ndimi zetu zilivyoweza. Walitoka nchi ya baridi huko juu kabisa ya ramani, ambako alituambia jua huja kazini miezi sita tu. Baba akasema hata reli ina wafanyakazi wa namna hiyo.

Kiswahili chake alikuwa amekisoma kwenye Biblia, basi alizungumza kama nabii. Siku ya kwanza alisimama mlangoni petu na ndoo.

"Amani iwe juu ya nyumba hii. Je, ni wapi yaliko maji?"

"Yako bombani, Bwana," Baba akasema. "Hayajaenda popote."

Mkate ukiisha alisema, "Ole wetu." Mimi aliniita "ee binti". Kila asubuhi alikaa kwenye kizingiti na kikombe cha chai, macho amefumba, midomo inatembea. Watoto tulidhani analala na tulibishana kama chai itamwagika. Haikumwagika hata siku moja. Jioni aliandika barua za kwao, ndefu, za watu waliowatuma, na siku moja alinionyesha picha yetu sote tuko bombani, aliyotaka kuiweka ndani ya bahasha. Nikamuuliza amewaambia nini juu yetu. Akafikiri sana. "Nimewaandikia kwamba nilikuja kufundisha, na bado sijui kufua shati." Nilidhani ni mzaha. Sasa sijui.

Mkewe alikuwa na Kiswahili cha bombani, alichookota kwa akina mama wakati wa kufua, na mikono yake ilichubuka kwa sabuni ya mche mpaka Mama akamfundisha kuipaka mafuta ya nazi. Akajifungua mtoto wa kiume. Wakamwita Gunari. Na Gunari akaanza kulia.

Watoto hulia, najua, nimezaa sita. Huyu alilia majuma matatu. Alilia akinyonya, alilia akiogeshwa, alilia mchana kutwa mpaka ukuta wetu ukawa kama nao una koo. Daktari alisema hana ugonjwa. Wakamjaribia maziwa ya kopo, akayatema. Bwana Andasi akapita mbele yetu na macho mekundu, anatusalimu kwa zaburi.

Bombani akina mama walishajua.

"Huyo ameitwa vibaya," akasema Mama Atieno, jirani yetu wa nyumba ya mbele, Mjaluo. "Mwenyewe hajasikia jina lake."

Kwetu na kwao ni desturi moja: mtoto akilia bila sababu, kuna mtu wa ukoo aliyetangulia anayetaka mtoto aitwe kwa jina lake. Unamshika mtoto, unayataja majina ya wazee mmoja mmoja, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Kanisa lilikuwa limekataza. Kwa hiyo watu walifanya milango ikiwa imefungwa.

Alasiri moja Mama aliweka chini sufuria, akajifuta mikono, akaingia kwa jirani bila kubisha hodi. Mimi nyuma yake, Mama Atieno nyuma yangu. Bibi Andasi alikuwa amekaa sakafuni, nywele hazijachanwa, kopo la maziwa limefunguliwa, unga umemwagika kwenye nguo. Ile harufu. Nikaingia chini ya meza ili nisifukuzwe. Mama akamchukua mtoto kutoka mikononi mwake, akaanza kutembea naye.

"Wewe ni Masinde? Wewe ni Wanyonyi? Ni Kundu, umechoka kusubiri?"

Mtoto analia tu.

"Jaribu wa kwetu," Mama Atieno akasema. "Okoth? Oduor?"

"Mtoto wa Mzungu atakuwaje Oduor?"

"Na atakuwaje Masinde?"

Hata Bibi Andasi alicheka kidogo, ingawa machozi yalikuwa yakimtoka. Mama akawataja wote wa kwao, akawataja wa Baba, akaishiwa. Akakaa kwenye kiti. Halafu kwa sauti ndogo, kama mtu anayejisemea akitafuta kitu kilichopotea, akasema, "Simiyu."

Mtoto akanyamaza.

Sijapata kusikia kimya kama kile. Mama Atieno akaushika mkono wa Mama. "Hilo si la kuitwa. Huitwa wazee, siyo watoto."

"Limetoka lenyewe," Mama akasema.

Bibi Andasi aliinuka kutoka sakafuni. "Umesema nini? Mama Simiyu, sema tena hilo neno." Hakuwa akilijua jina hilo ila kama sehemu ya jina la Mama. Mama akasema tena. Mtoto akapiga miayo, akalala.

Tangu siku ile Bibi Andasi alimwita mwanawe Simiyu kila alipolia, na kila mara alinyamaza. Gunari lilikuwa jina la karatasi tu. Na Mama, niwaambieni ukweli, Mama alifufuka. Akapaka sakafu rangi, akaimba, akapika maharagwe na vitunguu, kila saa yuko kwa jirani amembeba yule mtoto mgongoni kwa kanga. Muuza mboga akija anaita "Mama Simiyu!", wanaitika wawili.

"Ninamtaka yupi?" anauliza, anacheka. "Wa reli au wa barafu?"

"Sote tunanunua," Mama anamjibu, "shusha kikapu."

Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Hakuna aliyenikalisha akanieleza kitu. Nilielewa kwamba kaka yangu amerudi, jambo ambalo lilikuwa zuri, lakini kwa nini amerudi kwa jirani? Ni mlango wa pili tu! Amekosea nyumba? Na rangi je? Nikaamua udongo wa makaburi ya mjini ni mkali, unachubua. Siku moja wakubwa wako nje nikamkunjua miguu nikatafuta lile kovu la goti. Halikuwapo. Nikamsogelea sikioni, maana Simiyu alikuwa ameficha vifuniko vyetu vya soda, kopo zima, na alikufa bila kusema. "Uliviweka wapi?" nikamuuliza. "Sitamwambia mtu." Akanitazama na yale macho yake ya rangi ya maji, akanishika pua. Nikasema hajanisahau, ila anakataa kusema, na hiyo hasa ilikuwa tabia ya Simiyu.

Bwana Andasi ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Alidhani ni neno la kubembeleza watoto. Jioni moja alimuuliza Baba pale kizingitini, na Baba, ambaye hakuweza uongo, akamwambia: ni mtoto wetu, alikufa, wanawake wanasema amerudi.

Bwana Andasi akatikisa kichwa. "Wafu hawarudi, ndugu yangu, mpaka siku ile ya tarumbeta. Ndilo neno nililokuja nalo."

"Ndivyo tunavyoamini kanisani," Baba akasema. "Lakini hilo Gunari ni jina la nani?"

"La baba yangu."

"Yuko hai?"

"Amelala. Miaka mingi."

"Sasa si ni yale yale?"

"Hapana. Sisi twamkumbuka tu."

"Aa," Baba akasema. "Na akina Mama nao wanakumbuka. Ila mtoto wako ndiye anayenyamaza."

"Hilo ndilo sijui," akasema Bwana Andasi. "Usiku uliopita nilimwita mimi mwenyewe kwa jina hilo. Akanyamaza. Nikataka kushukuru, nikakosa kujua namshukuru nani."

Labda mambo yangebaki hivyo, lakini Jumapili moja mtoto alilia katikati ya mahubiri, ibada iko ndani ya ukumbi wa Kaloleni, na Bibi Andasi bila kufikiri akasema kwa nguvu, "Simiyu, Simiyu, nyamaza." Ukumbi mzima ukasikia. Benchi la mbele alikuwa ameketi Mzee Njoroge.

Huyu Mzee Njoroge alikuwa fundi wa kushona nguo na mzee wa kanisa, Mkikuyu wa Murang'a, mkavu, mnyofu, hajawahi kuchelewa mahali. Kesho yake alikuja kwa Bwana Andasi amevaa tai. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa naosha vyombo hatua tatu kutoka pale, kwa hiyo niliyosikia nimesikia.

"Mchungaji, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Kwetu kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, ndiyo babu anazaliwa tena. Nilipookoka misheni iliniambia, acha, hayo ni ya kipagani, mpe jina la Kitabu. Nikamwita Danieli. Danieli peke yake. Baba yangu akaja kwa miguu siku mbili kumwona mjukuu, akauliza jina, nikamwambia. Hakuingia nyumbani. Akageuka. Akafa baada ya mavuno."

Mzee Njoroge akanyoosha tai yake.

"Mimi nililipa hiyo. Sisemi nimejuta. Lakini wewe mwanao umemwita jina la baba yako, na misheni imenyamaza. Sasa tena umeruhusu aitwe na la wafu wa hawa Wabukusu. Nieleze tu, Mchungaji. Mimi nilimfukuza baba yangu kwa ajili ya nini?"

"Mzee, nisamehe," nikasikia Bwana Andasi akisema.

"Msamaha sikuuomba. Jumapili ijayo anabatizwa. Mkubwa wenu atauliza jina. Nitakuwa nimekaa pale pale mbele, nisikie."

Wiki hiyo estate nzima ilijua, na kila mtu alikuwa na upande. Wengine walisema Mzungu atakuwa mwoga, atataja Gunari. Mama Atieno alisema mama wa mtoto ndiye mwenye mtoto, na yeye anajua linalomlaza. Bibi Andasi na mumewe tulisikia wakisemezana kwa lugha yao kupitia ukuta, sauti za chini, ndefu. Mama alifua kitenge chake kizuri akakianika, akakaa akikitazama kikikauka. Hata mimi, mtoto, nilielewa: jina la Simiyu likitajwa mbele ya watu na maji yakimwagwa juu yake, basi Mama ana mtoto duniani, hata kama ni mlango wa pili. Likikataliwa, atamzika tena, na safari hii kuwaita watu waje kulia naye hawezi.

Baba alimwambia, "Usiende."

"Nitaenda," Mama akasema. "Wa kwanza hawakunionyesha akifunikwa udongo. Huyu nitaangalia."

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Mkubwa wa misheni alikuja kwa gari, mtu mnene mwenye miwani, hakujua lolote, maskini, alikuwa anatabasamu. Sisi tulikaa benchi la tatu, mimi upande wa dirisha. Wakaimba. Wakaleta bakuli la maji juu ya kitambaa cheupe. Bwana Andasi akapanda mbele na mtoto mikononi, mkewe kando yake, na mtoto akaanza kulia kwa ile sauti tuliyoijua wote.

"Mtoto huyu anaitwa nani?" akauliza mkubwa.

Kilio tu.

"Jina lake, ndugu?"

Bwana Andasi alimtazama mkewe. Akatazama benchi la tatu, akamwona Mama katika kitenge chake, mikono yake imefunguka kidogo juu ya magoti. Akamtazama Mzee Njoroge, aliyeketi wima, kofia mapajani, akingoja kama mtu anayengoja hukumu yake mwenyewe. Midomo ya Bwana Andasi ilitembea kama pale asubuhi kizingitini, na hakuna kilichotoka.

Halafu akashuka ile ngazi. Mama alinyanyuka nusu. Mimi nilidhani anakuja kwetu, nikajua kaka yangu sasa anarudishwa. Lakini alisimama benchi la mbele, akainama, akamweka mtoto juu ya mikono ya Mzee Njoroge, taratibu, akakitengeneza kichwa kikae vizuri kwenye kiwiko. Akatoka kwa mlango wa pembeni.

Watu wanaponiuliza kuhusu siku ile hunilaumu, kwa sababu nilikuwa pale na siwezi kuwaambia la maana. Mzee Njoroge aliinamisha uso juu ya yule mtoto na akasema kitu. Hilo wote wanakubaliana. Mama Atieno aliapa mpaka kufa kwake kwamba alisema Simiyu. Baba alisikia jina la Kikikuyu ambalo hakulijua. Mama hakuniambia alichosikia. Alikaa chini polepole, kanga mdomoni, na mabega yakawa yanatikisika, nami sikuweza kujua kama analia au anacheka. Mtoto alinyamaza. Kabla ya wiki kuisha gari la misheni lilimchukua yeye na mama yake na masanduku yale mawili, Bwana Andasi hayumo, na Bibi Andasi alimkumbatia Mama pale mlangoni wakakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Mimi sikusikia jina, kwa sababu nilikuwa nimegeukia dirisha. Nilitaka kuona Bwana Andasi anakwenda wapi. Nilidhani amekwenda bombani, kuleta maji mengine, labda yale ya bakuli yalikuwa yamepoa. Alikatiza uwanja bila kofia, jua la saa tano juu ya kichwa chake chekundu, wavulana wanacheza mpira wa karatasi. Mpira ukabingirika mpaka miguuni pake. Mmoja akapiga kelele, "Mchungaji, rudisha!" Akaukanyaga ukasimama, akautazama kidogo, akaurudisha kwa upande wa kiatu, vizuri kabisa. Halafu akashika njia ya kwenda barabara kubwa, si haraka, si polepole, kama mtu aliyetumwa sukari, akapita kiosk, akapita mti wa jakaranda, akawa mdogo.

Nilimngojea pale dirishani mpaka watu wote wakaondoka.